Nyumba Yenye Utosi Wazi

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Si binamu yangu, si mtu aliyesimuliwa na mtu sokoni. Ni mimi, kwa miguu yangu hii, tena jua likiwa bado halijazama. Nalitaja jua makusudi, maana watu wakisikia habari za namna hii huuliza kwanza, "Ulikuwa usiku? Ulikuwa umelewa?" Usiku haukuwa, na rubisi, pombe ya ndizi, sinywi; baba yangu angenichuna ngozi. Swali la tatu huwa, "Ulikuwa umelala?" Hapo ndipo wananipata kidogo, kwa sababu kila mtu hapa Kaisho anajua kwamba mimi huota nikiwa macho. Nilipokuwa mdogo mama akinituma maji narudi na mtungi mtupu, nimeshinda nikitazama mawingu. Lakini niamini, siku ile nilikuwa na jiwe kichwani, na mtu mwenye jiwe kichwani haoti.

Baba yangu ni mtu wa duka. Babu alipanda huku na misafara kutoka pwani, miguu ikachoka, akaoa Mnyambo, akabaki. Mimi nilisoma chuoni kwa mwalimu mpaka nikaweza kuandika barua isomeke, kisha nikarudishwa dukani kupima chumvi. Kwa hiyo ukikuta nimekosea mahali, usinicheke sana.

Chumvi ndiyo iliyoniletea Kemilembe. Alikuja dukani na baba yake, Mzee Katabaro, kutoka kilima cha Rwamabare. Msichana mfupi, mfupi kweli, mwenye sauti ya kusimamisha mbuzi walio ng'ambo ya bonde. Nikawa namimina chumvi na kumtazama, chumvi ikajaa kibaba, ikamwagika mezani, ikaanguka chini.

"Wewe," akaniambia, "unapima chumvi au unaipanda?"

Tangu siku hiyo sikupima kitu sawasawa mpaka baba akaona heri anipelekee posa.

Mzee Katabaro hakukataa. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mtoto wa dukani, binti yangu halali chini ya nyasi. Jenga nyumba kama zetu, uifunike, ndipo uje umchukue."

Sasa ngoja nikueleze nyumba zao, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Wanyambo wengine, kama unavyojua, hulala katika msonge wa nyasi, nyumba ya mviringo inayofika chini kama kikapu kilichofunikwa. Watu wa Rwamabare nao walianza hivyo. Walikuja kilimani wakati ng'ombe wamekwisha kwa sotoka, wakiongozwa na baba yake Katabaro, wakatafuta mahali pa kuanza upya. Wakajenga misonge. Kiangazi cha kwanza moto wa mbugani ukapanda na upepo, ukazila nyumba zote alasiri moja. Miti ya kujengea tena haikuwapo. Kilichokuwapo ni mawe, mawe bapa, yamelala kila mahali kama mikate. Basi wakajenga msonge uleule, ila kwa mawe.

Unapanga duara la mawe. Juu yake duara la pili, lakini kila jiwe unalisogeza ndani kidogo, unene wa kidole, na mkia wake, ule upande wa nje, unaukandamiza kwa udongo na mawe mengine. Na la tatu hivyohivyo. Nyumba inapanda huku inajikunja yenyewe, bila nguzo, bila boriti, mpaka juu kabisa linabaki tundu upana wa ungo. Wenyewe huliita utosi, kama utosi wa mtoto mchanga, pale panapopiga taratibu ukiweka kiganja. Nyumba ikiwa na utosi wazi, ni kichanga. Jiwe moja pana likiwekwa pale, imekomaa.

Na jiwe hilo haliwekwi hivihivi. Mume hulala juu ya nyumba na jiwe lake, mke huwa ndani. Upande wa chini wa jiwe mume amechonga kishimo cha kidole cha mkewe, kidole cha kati, amekipima. Akilishusha huuliza, "Mpo?" Mke hunyoosha mkono, hutia kidole kishimoni, hujibu, "Tupo." Hujibu hivyo hata kama yuko peke yake, maana anawajibia na watoto ambao hawajazaliwa. Nilipomwuliza Mzee Katabaro sababu ya kuulizana, alinishangaa.

"Kinachofunikwa bila mtu wa kujibu ndani ni kaburi," akasema. "Huko kwenu pwani hamjui tofauti?"

Nilijenga kiangazi chote. Mzee alikuwa anakuja kila asubuhi, anaegemea fimbo, anaangalia kazi yangu. "Ukuta huu unacheka," husema akiona nafasi kati ya mawe. "Ukuta usicheke. Bomoa." Nabomoa. Kemilembe akinipitishia ndizi za kuchoma hunong'ona, "Usijali, hata wa kwake ulicheka. Bibi alisema." Mikono yangu ya kupimia chumvi ikawa kama kisigino. Nyumba ikapanda, ikajikunja, ikabaki utosi.

Hapo nikakwama. Jiwe la utosi haliokotwi njiani. Lazima liwe pana kama ungo, jembamba kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, na lisiwe na ufa. Nililipasua la kwanza, likakatika. La pili nalo. Na mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Ndama, na upande wa Ndama huohuo kulikuwa na mtu mwenye ng'ombe ambaye naye alikuwa ameleta salamu kwa Mzee kuhusu Kemilembe.

"Mvua ikiingia kwenye utosi," Mzee aliniambia, bila hasira, "udongo utalegea, mawe yatateleza ndani. Nyumba italala chini, na binti yangu atalala kwangu. Sina neno jingine."

Unaona hali yangu? Nyumba nzima, kiangazi kizima, na mke niliyekuwa nimekwisha kumpangia mpaka mahali pa kuanika kahawa, vyote vinangoja jiwe moja.

Siku hiyo baada ya sala ya adhuhuri nikaenda upande wa pili wa kilima, unaotazama njia ya Nyakakika. Watu hawaendi sana kule. Kuna nyumba chache za zamani walizozihama, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilitafuta mpaka macho yakauma. Halafu chini ya njia, kwenye nyasi ndefu, nikakanyaga kitu bapa.

Nilipofuta udongo, sikuamini. Jiwe la utosi lilikuwa limekwisha kuchongwa duara, mzunguko mzuri kama wa sahani. Nikaligeuza. Chini yake kulikuwa na kishimo cha kidole, lakini cha ajabu, kimepinda upande kama mwezi mchanga. Nikatia kidole changu, kikakataa kuingia vizuri. Nikafikiri fundi alikosea. Nilicheka peke yangu, nikashukuru Mungu, nikasokota ngata ya majani, nikalipandisha kichwani. Kishimo cha Kemilembe ningekichonga pembeni yake, tatizo liko wapi?

Sikufika mbali. Mvua ya mawe ilishuka bila hata kupiga hodi. Barafu kubwa kama punje za mahindi mabichi, mbingu imekuwa nyeupe, sioni hata miguu yangu. Juu kidogo ya njia nikaona nyumba ya mawe ya zamani, imeota kuvu, utosi wake wazi. Nikakimbia, nikalishusha jiwe mlangoni, na kwa kuwa mama alinilea hivyo, nikasema, "Hodi," ingawa nilijua hamna mtu.

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke. "Ingia, unalowa bure."

Alikuwa amekaa karibu na moto, amejifunga rubugo, lile vazi la gome la mti ambalo siku hizi huvaliwa na wazee tu. Lakini mzee hakuwa. Umri wa dada yangu mkubwa, uso wa kuchekacheka. Nikamsalimu shikamoo kwa sababu alikuwa na nyumba na mimi sina.

"Marahaba. Umelowa kama kuku aliyetumbukia mtungini," akasema. "Kaa. Tafuna kahawa."

Akanisogezea kikapu kidogo cha kahawa kavu, kama mgeni yeyote anavyopewa huku kwetu. Nikatafuna. Haikuwa na ladha. Nikadhani ni ya zamani, nikanyamaza kwa adabu.

"Unatoka wapi na mzigo mzito hivyo? Nimesikia ulivyoutua."

Nikamwambia najenga, nataka kuoa. Alifurahi kama nimemletea zawadi. Akataka kujua kila kitu: mlango unatazama wapi, mawe ya chini niliyapata wapi, ukuta unacheka au haucheki. Nikamwambia ulicheka, nikabomoa. Akajipiga paja.

"Na mchumba mwenyewe ni nani?"

"Kemilembe. Binti wa Mzee Katabaro."

"Katabaro yupi?"

"Wa hapa Rwamabare. Mwenye kovu la panga kwenye goti."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Katabaro! Mzee! Yule haamki mpaka amwagiwe maji? Juzi hapa nimemfukuza na mwiko, ananiibia ndizi za gonja motoni. Na lile kovu alijikata mwenyewe akijifanya anacheza ngoma ya vita."

Nami nikacheka. Nilicheka vizuri kabisa, mpaka nikakumbuka. Mzee Katabaro ana mvi. Nani amemfukuza juzi na mwiko?

Hapo sasa ndipo nilipoanza kutazama, mimi ambaye hutazama mawingu tu. Barafu ilikuwa inaingia kwenye utosi na kuanguka katikati ya nyumba, palepale penye moto. Moto haukulia. Hata tsss. Punje zilikuwa zinamwangukia na yeye begani, na rubugo yake ilikuwa kavu, na punje hazikuruka zilipomgusa. Zilipita. Niliziona chini, nyuma ya mgongo wake.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nakuapia, miguu ilikuwa tayari. Ila wakati huohuo aliacha kucheka akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuuliza kama jambo dogo tu:

"Huko njiani hukumwona mwanamume amebeba jiwe?"

"Mwenye jiwe ni mimi tu," nikasema.

"Yeye ni mrefu. Anatembea anaimba. Anaitwa Ishengoma, mume wangu. Ameenda kulichukua jiwe letu, alilichonga hukohuko bondeni. Akaniambia, Nyamwiza, usitoke, nikirudi nataka nikuulize unijibu." Akapanga kuni ambazo hazikuhitaji kupangwa. "Watu wanakuja hapo mlangoni. Wanasema amenikimbia. Wanasema alionekana na msafara, ana mke mwingine huko ulikoelekea. Walikuwa wanacheka, wewe. Hata ndugu yangu Katabaro alikuja analia, anasema dada toka, una ndui, njoo nikuuguze. Nikamwambia nikitoka, naye akafika, nani atamjibu?"

Mvua ilikuwa inapungua. Nikasema tu lililokuwa mbele yangu.

"Hilo jiwe langu nililiokota. Chini ya njia, kwenye nyasi."

Akaziacha kuni.

"Limechongwa?"

"Duara."

"Lina kishimo?"

"Lina. Lakini kimepinda."

Akanyanyua mkono wake wa kulia akauweka kwenye mwanga wa moto. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda upande, kama mwezi mchanga. "Jiwe liliniangukia nikiwa mtoto," akasema. "Ishengoma alinipima kwa udongo. Nilimwambia achonge kilichonyooka tu, nitakilazimisha. Akasema, ya nini ulazimishe kwenye nyumba yako mwenyewe."

Kisha akafunika uso. Hakulia kwa sauti. "Alikuwa anarudi," akasema ndani ya viganja. "Alikuwa amefika hapo chini. Alikuwa anarudi."

Msomaji wangu, wewe ungefanya nini? Mimi nakwambia ukweli: nilifikiri kwanza juu ya nyumba yangu. Nilisikia maji yanavyotiririka nje nikayaona yanaingia kwenye utosi wangu, nikamwona Kemilembe anashuka kwenda Ndama nyuma ya ng'ombe wa watu. Jiwe nililiokota mimi. Nililibeba mimi. Yeye kama ajuaye mawazo yangu akafuta uso akatabasamu.

"Lichukue, kijana. Nenda ukamfunikie mtoto wa Katabaro. Mimi nilitaka kujua hilo tu."

Kama angelidai, labda ningekimbia nalo. Lakini alinipa. Na mtu aliyengoja hivyo anapokupa kitu chake, mikono inakataa kupokea. Nikasimama. Nikasema, "Subiri hapohapo," neno la kijinga kweli kumwambia yeye, na yeye mwenyewe alilicheka.

Nje jua lilikuwa limetoka chini ya mawingu, kilima chote kinang'aa kwa barafu. Nyumba hizi zina mawe yanayotokeza nje kama ngazi, ya kupandia wakati wa kujenga. Nikapanda na jiwe mgongoni, nimelifunga kwa nguo yangu, viganja vinateleza. Juu nikalala kifudifudi. Sikuchungulia ndani. Nikalisogeza mpaka likashika ukingo pande zote, na nafasi ikabaki kidogo tu, upande mmoja.

Nikauliza, "Mpo?"

Niliusikia moyo wangu kwenye jiwe. Kisha chini ya kiganja changu, ndani ya mawe, nikasikia kukwaruza kidogo, kama kidole kinachotafuta mahali pake, kikapapata.

"Tupo."

Zilikuwa sauti mbili. Ya kwanza yake. Ya pili ya mwanamume, imekauka, inahema, kama ya mtu aliyetua mzigo sasa hivi.

Nikalishusha jiwe, likakaa. Sikumbuki vizuri nilivyoshuka. Mlangoni niliinama nikatazama ndani, giza, hakuna moto. Nikagusa mahali ulipokuwa: majivu ya kale, magumu, yameota kuvu. Lakini harufu ya moshi ilikuwapo, mbichi kabisa, na ilinifuata kwenye nguo mpaka nyumbani.

Kwa Mzee Katabaro nilifika magharibi. Yeye na Kemilembe walikuwa nje, wananingoja. "Jiwe liko wapi?" akauliza Mzee. Nilidhani atanitukana, lakini nilieleza lote, mpaka mwiko na gonja. Kemilembe alianza kucheka kwenye gonja, akamwona baba yake, akanyamaza. Mzee aliingia ndani, akatoka na ngozi ya ng'ombe anayolalia, ya ng'ombe wa mwisho wa baba yake, akaenda mwenyewe katika mvua ndogo iliyokuwa imeanza tena, kuitandika juu ya utosi wa nyumba yangu, akaikandamiza kwa mawe. Usiku huo alilala juu ya majani.

Asubuhi tulienda naye. Alipoona nyumba imefunikwa aliweka mkono ukutani.

"Dada yangu nilimzika mwenyewe, hapo nyuma penye migomba," akasema. "Nyumba nikaiacha wazi. Baba aliniambia nitafute jiwe nifunike, nikakataa. Nilisema nikifunika bila mtu wa kujibu, nimemzika mara mbili. Niliiacha wazi kwa kumpenda."

"Lakini uliwahi kumwita?" nikauliza. "Uliwahi kusema, mpo?"

"Nimwite nani? Alikuwa amekufa."

Alipokwisha kusema hivyo, akaelewa. Miaka yote ile walikuwa wamemwacha angoje, kwa sababu walikuwa na hakika hakuna atakayejibu. Mzee aliteremka taratibu akakaa chini kwenye tope, akalia kama kijana aliyefukuzwa kwa mwiko. Baadaye alisogeza mdomo mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mpo?" Ulipita upepo tu. Akafuta pua. "Wamelala," akasema. "Twende."

Baada ya hapo Mzee alitafuta jiwe langu yeye mwenyewe, na vijana wa kilima wote wakalazimika kutafuta naye. Lilipatikana. Kishimo nilichonga mimi, nimepima kidole cha Kemilembe kwa udongo, na kilichukua muda kwa sababu mwenye kidole alikuwa haachi kukichezesha.

Imebaki sehemu moja tu, na hiyo ndiyo hunifanya nisilale mvua ikinyesha, si kwa hofu, kwa furaha. Siku ya kufunika, bibi arusi huinuliwa na shangazi yake ili afike kwenye jiwe. Ndiyo kazi ya shangazi huku kwetu, kumfikisha bibi arusi. Kemilembe hakuwa na shangazi, na nimekwisha kukwambia urefu wake. Basi tukamwekea kinu, tukakigeuza, asimame juu yake. Akaingia peke yake. Mimi nikapanda juu, Mzee na watu wamesimama nje mlangoni.

"Mpo?" nikauliza.

"Tupo," akajibu, sauti ya kusimamisha mbuzi, na nikasikia kidole kikiingia.

Watu wakashangilia, nikashuka, nikaingia. Kemilembe alikuwa amesimama katikati ya nyumba. Kinu kilikuwa kando yake, palepale tulipokiweka, udongo juu ya kitako chake haujaguswa.

"Mbona hukukitumia?" nikamwuliza.

"Cha nini? Si yule mama ameniinua." Akatazama huku na huku. "Amepita wapi? Baba amemtoa wapi? Mikono yake ina nguvu, mume wangu, na inanukia moshi. Ila kidole chake kimoja kiliniumiza kidogo kwenye mbavu, kimepinda."

Mzee Katabaro alikuwa mlangoni, amesikia. Aliinama akaingia, akasimama katikati ya nyumba yetu, akasema shikamoo kwa hewa tupu, mtu mzima yule, na hakuna aliyecheka.

Tangu hapo siwezi kupita nyumba iliyoachwa bila kusimama. Nasema hodi, halafu nauliza, mpo? Watu wa Kaisho wameniita Bwana Mpo, na watoto hunifuata wakiniigiza. Siwakatazi. Nao wanauliza, hata kama kwa mzaha, na kuuliza ndiko ninakotaka.

Basi wewe nawe ukipita Rwamabare, usiondoe jiwe hata moja kwenye nyumba za zamani, hata likiwa zuri vipi, hata mvua ikiwa inakukimbiza. Na ukikuta nyumba yenye utosi wazi, usiseme haraka kwamba hamna mtu. Ita kwanza. Ukijibiwa, usikimbie, uliza wanakosa nini. Kahawa watakayokupa haina ladha, nakuonya mapema. Itafune tu.